Ndevu za Haji Nuradin na Ndege ya Jumamosi

Mume wangu Nuradin alikuwa mzimamoto wa kiwanja cha ndege ambacho hakikuwahi kuungua hata jani la nyasi. Miaka yote aliyofanya kazi pale Katelembo alilipwa kwa kungoja jambo ambalo kila alfajiri alimwomba Mungu lisitokee. Mungu akamsikia, na watu wa Machakos wakapata cha kucheka. Nikienda sokoni kununua nyanya wananiuliza, "Mama Zaki, mzee amezima moto gani wiki hii?" Nawajibu amezima wa jiko langu, mkamlalamikie yeye. Tunacheka sote. Nikifika nyumbani kicheko kimeisha.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kupaka watu mafuta. Sisi ni watu wa mjini, nyumba yetu iko nyuma ya msikiti. Babu yangu alipanda kutoka Pwani kuja kuwapikia wazungu wa boma, akabaki hapa mpaka akazikwa hapa. Nilipotaka kuolewa na Nuradin, mama alinuna. Hakununa kwa sababu ni Msomali, alinuna kwa sababu ni Msomali asiye na mbuzi. Kwa mama hiyo ilikuwa kama kununua kuku asiyetaga.

Na kweli hakuwa na mbuzi. Baba yake, Mzee Shire, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana kuanzia Ndithini hadi Matuu, mtu wa kumshika mbuzi kiunoni akakwambia uzito wake bila mizani. Mwanawe wa kwanza akikaribia zizi anapiga chafya mpaka macho yanavimba na pumzi inamkata. Wakampa dawa, wakamsomea, wakamlaza zizini azoee. Hakuzoea. Mzee Shire akawa anawaambia wenzake, kijana mwenyewe akiwa amekaa pale pale, "Mungu amenipa mtoto wa kiume, akamnyima pua." Wanacheka, na Nuradin anacheka nao. Nimekiona kicheko hicho kwa macho yangu, na sikukipenda.

Basi kampuni moja ya nyama ilipojenga kiwanja chake Katelembo, ili ndege zije kuchukua nyama ya mbuzi na kuipeleka Uarabuni, ikatafuta vijana wa kufunzwa uzimamoto. Nuradin akajiandikisha siku ya kwanza. Mbuzi akifika pale alikuwa ameshachinjwa na kuwekwa kwenye baridi, hana manyoya ya kumpigisha mtu chafya. Alikwenda mafunzoni kijana mpole, akarudi mtu wa masharti.

Nitayaeleza masharti yenyewe kama alivyonieleza, maana alinieleza kila tulipokaa kula. Kila ndege ina daraja lake kwa urefu na unene wake, na kiwanja lazima kiwe na zimamoto ya daraja hilo hilo. Yaani maji kiasi fulani ndani ya gari, povu kiasi fulani, na watu wanne waliovaa kamili, injini ikinguruma, kabla gurudumu la ndege halijagusa lami. Wakiitwa wawe wamefika mwisho wa njia ya ndege ndani ya dakika tatu. Akipungua mtu mmoja tu, daraja la kiwanja linashuka na rubani anaambiwa kwa redio ageuze arudi alikotoka.

"Hata kama aliyemo ndani ni mtu mkubwa?" nikamwuliza.

"Hata awe nani."

Nikamwona amenyoosha mgongo. Mtoto aliyenyimwa pua alikuwa amepata mahali ambapo bila yeye mbuzi wa baba yake hawaendi popote.

Nyumbani ikawa taabu. Viatu vyote mlangoni vielekee nje, mtu asipoteze muda kuvigeuza. Ndoo ya mchanga kando ya jiko, na ole wako upande mchicha ndani yake, kama nilivyofanya mimi. Mgeni akija, kabla hajapewa chai anaonyeshwa mlango wa nyuma. Wengine walidhani wanafukuzwa. Na arusi ya mdogo wangu Swabra ndiyo sitaisahau. Wageni wameshakaa, pilau imeshapakuliwa, bwana huyu anazunguka hema la wanawake, anarudi, anasema lina mlango mmoja tu. Hema likashushwa lote lipigwe upya. Bi harusi akakalia mtungi wa maji juani, hina mkononi, uso umeiva kwa hasira.

Mama akamwambia, "Baba Zaki, sisi tumekuja kuoza mtoto, hatukuja kuungua."

Naye akajibu kwa heshima zote, "Mama, hakuna anayekuja kuungua."

Pilau ililiwa baridi. Swabra hajamsamehe mpaka leo, na ana watoto wanaokwenda shule.

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, Nuradin alikwenda Hija. Baba yake alikuwa amefariki bila kumsifu kwa lolote. Alirudi na ndevu, na zilikuwa ndevu za haki, nene, zikashuka hadi kifuani, akazipaka hina kama wazee wa kwao zikawa nyekundu. Nisiseme uongo, zilimpendeza. Watu waliokuwa wakimwita Bwana Povu wakaanza kumwita Haji. Vijana wakampisha njia. Na wafanyabiashara wa mifugo pale msikitini wana kamati yao ya wazee, ya kuamua ugomvi: alama ya mbuzi imebadilishwa, urithi umegawanywa vibaya, mtu amemtukana shemeji yake. Kiti cha Mzee Shire kilikuwa kimekaa bure tangu afe. Siku moja baada ya swala, Mzee Yahye, mwenyekiti wao, akamshika Nuradin mkono, akamkalisha pale.

Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani akakaa kitandani na kanzu yake na kofia yake, akalia. Nikamwuliza kama kuna msiba.

Akasema, "Mama Zaki, wamenikalisha kwa baba."

Nikaketi kando yake nami nikalia. Ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikitaka kwa ajili yake mwenyewe, na alikuwa amekipata.

Sasa nije kwa mkaguzi wa viwanja vya ndege. Alikuja kutoka Nairobi mwaka ambao serikali mpya ilikuwa imeingia na kila ofisi ilikuwa inajitia kufuata sheria. Kiwanja kikaoshwa, gari la zimamoto likang'arishwa mpaka ukajiona uso. Mkaguzi hakutazama gari. Akauliza maski za hewa ziko wapi, zile za kuvaa usoni na mtungi mgongoni ili mtu aingie penye moshi. Wakatazamana. Ziko kabatini. Na ufunguo? Ufunguo alikuwa nao mtu aliyehamia Kisumu zamani. Kabati likavunjwa. Maski zilikuwa mpya kabisa, bado zina karatasi, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna aliyezivaa zaidi ya siku ya mafunzo.

Mkaguzi akawasha moshi ndani ya kontena la zamani lililokuwa nyuma ya ghala, akaweka mwanasesere wa magunia mle ndani, akawaambia waingie wakamtoe. Sheria yao ni kuingia wawili wawili. Mmoja anafuata ukuta kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amemshika mwenzake, maana ndani hamna kuonana. Nuradin na Kilonzo ndio waliokuwa jozi. Kilonzo ni Mkamba wa huko huko Katelembo, mkuu wa zamu, mtu wa maneno machache. Wameketi gari moja miaka yote ile, bega kwa bega, wakingoja pamoja moto usiokuja.

Wakaingia. Hawajafika mbali, moshi ukapenya kwenye ndevu za Nuradin kama maji kwenye kikapu. Maski ile inataka ngozi, haikai juu ya nywele. Akakohoa, akapoteza pumzi, akajichomoa mkononi mwa Kilonzo, akageuka akatoka nje akitapika. Kilonzo akabaki mle ndani peke yake, gizani, na mwanasesere wa magunia. Hakuumia. Alitoka baadaye akiwa amembeba yule mwanasesere, akavua maski, akamtazama Nuradin.

Mkaguzi ndiye aliyesema. Mwenye ndevu hahesabiwi. Kuanzia siku ile kiwanja kina watu watatu, si wanne, na daraja limeshuka mpaka anyoe au apatikane wa nne mwingine. Kufunza mwingine ni kazi ya miezi. Akapanda gari lake akaenda zake Nairobi.

Habari ikafika msikitini kabla Nuradin hajavua sare. Mzee Yahye akakaa barazani na wazee wake, akahutubia mpaka waliokuwa wakipita wakasimama. Mtu atakayenyoa ndevu zake kwa ajili ya sare, akasema, kesho atauza nini? Haji Nuradin ni mtoto wa Shire, na mtoto wa Shire hanyoi. Aache kazi, riziki iko kwa Mungu. Wote wakaitikia. Imamu alikuwa ndani, hatua chache tu kutoka pale, lakini hakuna aliyekwenda kumwuliza. Nadhani waliogopa atajibu.

Nuradin akarudi nyumbani kifua mbele. "Umesikia?" akaniambia. "Mtoto wa Shire." Alikuwa ameshaamua kuacha kazi. Nami nilikaa kimya, ingawa kukaa kimya kunaniumiza mbavu, kwa sababu nilikiona kiti kile machoni pake.

Kesho yake akaja Kilonzo. Akakataa kuketi, akasimama pale pale mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Zaki, mimi sina shida na ndevu," akasema, ingawa alikuwa anamtazama Nuradin. "Hata afuge mpaka magoti. Lakini ndani ya moshi nilimtafuta na mkono. Nikashika hewa tu. Aiya, nikashika hewa. Mimi niko na watoto." Akavaa kofia. "Ukiacha kazi sitakulaumu. Nilitaka tu ujue."

Akaenda. Nuradin hakula siku hiyo. Nilimwekea chakula, nikakitoa, nikamwekea chai, nikaitoa. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia, maana huruma yangu haikai peke yake.

Kumbe wakati huo huo wafanyabiashara walikuwa wamepigiwa simu na kampuni. Jumamosi ndege kubwa ilikuwa ije kuchukua nyama, mzigo wa Uarabuni wa msimu wa Hija, na mbuzi walikuwa wanachinjwa tayari. Ndege yenyewe ni ya daraja la juu. Watu watatu hawatoshi. Haitatua. Mbuzi wa nani? Wa hao hao waliokaa barazani. Walikuwa wamemshauri mtu wa nne aache kazi, bila kujua kwamba wa nne ndiye anayesafirisha nyama yao. Nilipoelewa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Basi wakaanza kuja. Hawakuja kwa mlango wa mbele. Walikuja kwa ule mlango wa nyuma ambao Nuradin alimwonyesha kila mgeni, na kwa mara ya kwanza nikaona una kazi. Wa kwanza akaniambia, mimi na sufuria yangu, kwamba ndevu ni jambo la moyoni zaidi. Wa pili akakumbuka kisa cha mjomba wake wa Garissa aliyenyoa kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi na akafa mtu mwema. Wa tatu alikuwa Mzee Yahye mwenyewe. Huyo hakuzunguka mbuyu. Alitoa kwenye kanzu yake pakiti ya nyembe iliyofungwa kwa gazeti, akaiweka juu ya meza yangu, kando ya vitunguu.

"Mama Zaki, wewe ni mke mwenye akili," akasema. "Mwambie dharura ina hukumu yake."

"Mwambie mwenyewe, mzee. Yumo ndani, anasikia."

Nuradin akatoka chumbani. Akamwamkia kwa heshima, kama Msomali anavyomwita ami yake, "Adeer, karibu kiti." Mzee Yahye akakaa kwenye kigoda changu cha kukunia nazi, magoti juu.

"Uliyoyasema hapa," Nuradin akamwambia, "kesho Ijumaa yaseme pale barazani ulipoyasema yale mengine. Sema ni dharura. Sema mlinituma. Nami nitanyoa huku wote wanajua."

Mzee Yahye akalitazama gazeti lile. Akasema mambo mengine si ya hadharani. Nuradin akasema yale ya kwanza yalikuwa ya hadharani. Mzee akasema ataona. Akaondoka kwa mlango ule ule.

Ijumaa baada ya swala Nuradin alikaa kwenye kiti cha baba yake akangoja. Najua kwa sababu Zaki wetu alikuwepo, na alinisimulia akiwa ametahayari. Wazee wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya njia ya Yatta iliyoharibika. Wakaongea juu ya bei za majani ya mifugo. Mzee Yahye akatazama viatu vyake mpaka mtu angedhani vinamsemesha. Hakuna aliyefungua mdomo juu ya ndevu, na baraza likavunjika, kila mtu akaharakisha kwenda kwenye mbuzi wake.

Asubuhi ya Jumamosi Nuradin akaniomba mkasi na beseni. Hakuzigusa zile nyembe za Mzee Yahye, alitumia za kwake. Nilimshikia kioo. Nywele nyekundu zikaanguka ndani ya maji, na uso ule nilioolewa nao ukarudi, umezeeka, na kidevu cheupe kama cha mgonjwa.

"Watasema umenyoa kwa ajili ya mbuzi wao," nikamwambia.

"Waache waseme."

"Na kiti?"

Akanawa uso, akajifuta. "Kilonzo alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja," akasema. "Mkono wa pili ulikuwa wangu mimi, Rehana." Aliniita jina langu, jambo ambalo huwa halifanyi. Kabla ya kwenda kazini alipita kwa imamu, akamweleza. Imamu akamwambia Mungu anajua nia, na kulinda roho ya mtu si jambo dogo. Aliyasema hayo kwa muda mfupi kuliko huu ninaoutumia kuyaandika.

Ndege ikaja. Watu wanne walikuwa ndani ya gari la zimamoto, injini inanguruma. Ikatua, ikapakia, ikaruka. Hapakutokea moto, bila shaka. Jioni ile Kilonzo alimsindikiza Nuradin mpaka nyumbani, wakanywa chai barazani kwangu bila kuongea chochote cha maana, na Nuradin akala sahani mbili.

Nyama ikauzwa vizuri, tukasikia. Wiki haijaisha, wazee wakaja. Safari hii walikuja kwa mlango wa mbele, watatu, kanzu zimepigwa pasi, Mzee Yahye mbele. Nikawaandalia chai na mahamri kwa sababu mama yangu alinilea. Wakakaa, wakaulizia afya, wakaulizia watoto, wakasifu mahamri. Halafu Mzee Yahye akakohoa.

Akasema kamati inampenda sana Haji. Akasema watu wanasema maneno, yeye hayaamini, lakini watu ni watu. Mzee wa kamati anatazamwa usoni. Ingefaa Haji apumzike kidogo kwenye kile kiti, mpaka ndevu ziote tena, halafu wataona.

Lakini hazingeota tena. Maski haina likizo. Kila mtu chumbani alilijua hilo, na Mzee Yahye alilijua kuliko wote.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka kumwaga chai. Nilitaka kuwauliza nani aliyeacha nyembe kando ya vitunguu vyangu. Nuradin alinitazama mara moja tu, nikanyamaza. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, adeer. Kiti ni chenu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na akacheka kidogo, kile kicheko cha utotoni. Wakamwombea dua ndefu. Wawili wakatangulia kutoka. Nuradin akaingia chumbani kubadilisha nguo, zamu yake ilikuwa inaanza.

Mzee Yahye akabaki mlangoni akivaa viatu, ambavyo vilikuwa vimeelekezwa nje tayari. Akainuka, akatazama ndani kuhakikisha mume wangu hayupo, akanisogelea, akashusha sauti.

"Mama Zaki," akasema, "Jumamosi hii tuna mbuzi wengi kuliko ile. Mkumbushe kunyoa."